Lubumbashi kwa baiskeli: ziara isiishie mjini kati

Wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi wanaijua Dar es Salaam kuliko wanavyoijua Kinshasa. Ndiko kontena zao zinakoshukia, ndiko wanakonunua vitambaa, simu na vipuri, kisha mzigo unapanda kwa lori kupitia Tunduma, Zambia na Kasumbalesa. Na anayengoja mzigo utoke bandarini huwa na muda wa kuangalia mji. Akiangalia vizuri anaweza kukutana na jambo la kumchekesha: kundi la wageni juu ya baiskeli, kofia ngumu kichwani, wanamfuata kijana mmoja anayesimama kila baada ya kona kuwaeleza kitu. Hawapelekwi ufukweni. Wanapelekwa sokoni, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye mitaa ya watu. Wamelipa dola ili waone mahali ambapo mfanyabiashara wa Lubumbashi anapita kila safari kwa miguu, na jasho, bila kutazama kushoto wala kulia.

Akimaliza kucheka, afikirie. Lubumbashi, mji ulio mbali na bahari zote mbili, unahitaji ziara ya namna hiyo kuliko Dar es Salaam yenyewe. Lakini isiwe ya mtindo wowote tu. Ziara ya baiskeli itakayozunguka majumba ya Wabelgiji mjini kati, ikapiga picha mbili na kurudi hotelini, itakuwa imechora upya mpaka ambao wazee wa mji huu waliteseka nao miaka mingi.

Mwongozaji wa Dar es Salaam ana historia inayojieleza yenyewe barabarani. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliupanga mji huo kwa rangi ya ngozi: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini katikati, Uswahilini kwa nyuma. Kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika waliacha uwanja mpana usiojengwa, Mnazi Mmoja. Sababu waliyoitoa ilikuwa afya. Ng'ambo ya uwanja huo ndiyo Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi ambao Waingereza waliwabebesha mizigo yao katika Vita Kuu ya Kwanza. Mtu aliye ndani ya gari hatambui kwamba amevuka chochote. Mwenye baiskeli anatoka penye upepo wa bahari na maofisi, anapita penye uwazi, anaingia penye kelele, yote ndani ya dakika chache. Akiambiwa hapo kwamba palikuwa na mpaka, anaamini, kwa sababu miguu yake imeshaupima.

(Mkongomani atakayejiunga na ziara hiyo aulizie pia Belbase, sehemu ya bandari ambayo Ubelgiji ilipewa mwaka wa 1921 kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Safari ya kontena zake haikuanza jana.)

Sasa mkaaji wa Lubumbashi autazame mji wake. Reli kutoka kusini, kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, ilifika mwaka wa 1910, na mwaka huohuo Emile Wangermée akaanzisha Elisabethville, mji wa barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari. Mwaka uliofuata tanuru la Union Minière likaanza kuyeyusha shaba. Watu weusi waliofanya kazi zote hizo walikaa mwanzoni karibu na Wazungu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920 walisukumwa upande wa kusini, mahali panapoitwa leo Kamalondo. Katikati pakaachwa ukanda mtupu wa mamia ya mita, ile zone neutre. Hapa pia wakubwa walisema ni afya: eti mbu aliyemuuma Mweusi asipate nguvu ya kuruka mpaka kwa Mzungu. Usiku, Mwafrika aliyekutwa upande wa pili bila karatasi alikuwa na kesi. Kenya, Katuba na Ruashi zilikuja baadaye, na wakaaji wakazidi kuwekwa mbali.

Ukanda ule ulijazwa kidogo kidogo na leo huwezi kuuona kwa macho. Kichwani bado upo. Mtu wa Katuba akiaga nyumbani asubuhi husema anaenda mjini, ku ville, kana kwamba Katuba yenyewe ni kijiji. Na mtu wa kartie ya Golf anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukanyaga Kenya, labda siku ya mechi tu.

Mgeni naye haoni zaidi. Anashuka Luano, gari linamchukua, analala hotelini, anakula mkahawani, anakutana na watu wa mgodi, kesho yake yuko njiani kwenda Likasi au Kolwezi. Akirudi kwao atasema Lubumbashi ni mji mzuri wenye barabara pana na miti ya jakaranda. Hakudanganya. Ameuona ule mji uliochorwa kwa ajili yake.

Baiskeli ndiyo dawa ya hali hiyo, na Lubumbashi imeumbwa kwa baiskeli. Mji uko juu, kama mita 1,200, kwa hiyo joto lake si la Kalemie wala la Matadi. Sehemu kubwa ni tambarare. Kuanzia Mei mpaka Septemba mvua hainyeshi. Kitakachosumbua ni vumbi la Agosti, na kwa hilo kitambaa puani kinatosha.

Njia ianzie Place de la Poste, mbele ya sanamu ya Moïse Tshombe, kwa sababu pale pana swali la kwanza ambalo mwongozaji hawezi kulikwepa: Katanga iliyojitenga kuanzia tarehe 11 Julai 1960 hadi Januari 1963. Kuna familia ambazo bado zinamsifu Tshombe mezani, na kuna familia ambazo jina lake halitajwi. Mwongozaji mzuri ataeleza pande zote mbili na kuendelea na safari kabla watu hawajashikana mashati. Kisha kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, la matofali. Kisha sinagogi iliyojengwa na Wayahudi, wengi wao wakiwa wametoka kisiwa cha Rhodes, ambayo vijana wengi wa mji huu hupita mbele yake bila kujua ni nyumba ya nini. Kisha jumba la maonyesho la miaka ya 1950, ambalo leo linaitwa Bâtiment du 30 Juin na ambamo wabunge wa jimbo wamekuwa wakikutana. Hayo yote ni saa moja, na yasizidi hapo.

Baada ya hapo magurudumu yaelekee kusini. Mwongozaji asimame katikati ya ule ukanda wa zamani, aseme: hapa ndipo. Halafu Kamalondo, mtaa wa muziki na baa, na uwanja wa TP Mazembe. Klabu hiyo ilianzishwa na wamisionari Wabenedikto mwaka wa 1939, imechukua ubingwa wa Afrika mara tano, na mwaka wa 2010 ilikuwa ya kwanza ya bara hili kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, dhidi ya Inter Milan. Mgeni yeyote, hata asiyejua shaba ni nini, ataacha baiskeli yake hapo na kuuliza maswali.

Lakini kituo ambacho ziara nzima inapaswa kujengwa juu yake ni kingine. Kiko upande wa kiwanda, chini ya ule mnara mrefu wa moshi ambao wazee waliuita mumbunda, na ule mlima mweusi wa takataka za shaba unaoonekana kutoka karibu kila komini. Watu wengi huupiga picha mnara huo kwa sababu umekuwa alama ya mji. Wachache wanajua kilichotokea hapo karibu, kwenye uwanja wa mpira wa kambi ya wafanyakazi.

Mwaka wa 1941 vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei za vitu, na Union Minière ilikuwa inachimba shaba mchana na usiku kwa ajili ya vita hivyo. Mishahara ya Weusi haikufuata bei. Mwezi wa Desemba wafanyakazi waligoma, Lubumbashi na kwenye viwanda na migodi mingine ya kampuni hiyo. Tarehe 9 Desemba watu walikuwa wamejaa uwanjani, pamoja na wake na watoto. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika mwenyewe. Aliyewasemea wenzake alikuwa karani mmoja, Léonard Mpoyi. Aliuawa palepale, na askari wakafyatua risasi kwenye umati. Hesabu ya maiti ya wakoloni na hesabu ya watu wa kambi hazikuungana mpaka leo. Hakuna anayebisha kwamba walikuwa makumi.

Mtoto wa Lubumbashi hujifunza shuleni tarehe za mapinduzi ya Ufaransa. Tarehe 9 Desemba anaisikia kwa bibi yake, kama ana bahati na bibi huyo bado yuko hai.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Ziara ya baiskeli inaonekana kama mchezo wa watalii, lakini kwa mji wa namna hii ni njia ya kuweka kumbukumbu mahali pake, juu ya ardhi ileile, kabla wenye kuijua hawajaisha. Gécamines ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpigo mmoja mwaka wa 2003 na 2004, ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari, ilitoa pia mlangoni maarifa ya miaka 30 na 40 ya kila mmoja. Wazee hao ndio wanaojua kengele ililia saa ngapi, posho ya unga iligawiwa wapi, nani alikaa nyumba gani kambini. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kuwasikiliza, na kitabu chake cha mwaka wa 2001 kinawaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Vitabu hivyo vipo, lakini viko kwa Kifaransa, na vinakaa kwenye maktaba. Mzee aliyestaafu, akilipwa kidogo ili akae kwenye kiti chini ya mwembe na kungoja kundi la baiskeli lifike, atawafikia watu ambao kitabu hakiwezi kuwafikia.

Na ataeleza kwa Kiswahili. Hili lisipuuzwe. Kuna wanaofikiri kwamba historia ya Lubumbashi ni jambo la Kifaransa, la maprofesa. Wamesahau kwamba mwaka wa 1965 André Yav, mtu aliyekuwa boyi katika nyumba za Wazungu, aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha hapa hapa, kwa niaba ya chama cha wafanyakazi wa majumbani. Wamesahau pia Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji ambaye katika miaka ya 1970 alichora historia ya nchi nzima, picha kwa picha, yakiwemo mauaji ya 1941, na akaieleza kwa Kiswahili. Aliyeitangaza kazi ya wote wawili kwa ulimwengu ni mtaalamu mgeni, Johannes Fabian. Mji wenye watu kama hao hauna sababu ya kungoja mwongozaji kutoka nje wala kutafsiri karatasi za watalii za Brussels.

Pingamizi zipo, na nyingine zina haki.

Ya kwanza ni barabara. Malori ya migodi hayamwoni mwenye baiskeli, mabasi hayataki kumwona, na manseba wa pikipiki humpita upande wowote wenye nafasi. Mtu anayesema ziara ianze kesho kwenye barabara kuu siku ya Jumatatu hajawahi kupanda baiskeli mjini hapa. Jibu ni Jumapili, na ni barabara za ndani. Mistari ya Wangermée ina faida hiyo moja: kila barabara kubwa ina ndugu yake ndogo inayokwenda sambamba nayo.

Ya pili ni askari. Katika nchi hii kutoa simu na kupiga picha ya jengo la serikali kunaweza kumaliza asubuhi ya mtu, na pesa zake pia. Mgeni akishasimamishwa mara mbili hatarudi, na atawaambia wenzake. Wenye madaraka ya mji wakitaka jambo hili lifanikiwe, kazi yao si kununua baiskeli wala kukata utepe. Kazi yao ni karatasi moja, yenye muhuri mmoja, ambayo mwongozaji ataionyesha na kuachwa apite. Mambo mengi ya biashara ndogo katika mji huu yamekufa kwa kukosa karatasi ya namna hiyo, au kwa kuwa nazo nyingi mno.

Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: baiskeli, kinga, ni kitu cha maskini. Mtu aliyefaulu hununua gari, hata kama ni la kusukuma. Fikra hii ni ya karibuni. Wakati wa wazee, mfanyakazi wa Kazi aliyenunua baiskeli na cherehani alikuwa ameonyesha mtaa mzima kwamba mshahara wake una maana. Kisangani walipokosa mafuta na magari, toleka za baiskeli ndizo zilizobeba mji. Goma wameisimamishia sanamu chukudu, gari la mbao la kusukuma, katikati ya mzunguko wa barabara, na hakuna anayeona haya. Lubumbashi ndiyo inayoona haya.

Na inaona haya mbele ya watu ambao isingeweza kuishi bila wao. Kila asubuhi, kutoka upande wa Kasenga, wa Kipushi, wa Likasi, wanaingia wanaume wenye baiskeli zilizobeba magunia ya makala yaliyofungwa kwa kamba mpaka juu ya kichwa. Wengi wametembea usiku, makumi ya kilomita, wakisukuma mlimani na kushikilia kwa nguvu mteremkoni, maana breki haziwezi kuuzuia mzigo ule. Umeme ukikatika, na unakatika, bukari ya mji huu inaiva kwa makala yao. Njiani wanalipa hapa na pale, wanagongwa na malori, na wakifika wanaambiwa wanachafua mji. Hata mwenye uchungu na misitu inayokwisha, na uchungu huo ni wa haki, ajue kwamba aliyeshika usukani ndiye anayepata kidogo kuliko wote katika biashara hiyo.

Hatari ya ziara za baiskeli ni kwamba siku moja mkubwa fulani ataamua kuwapendezesha watalii, atatenga njia safi, kisha atawafukuza wenye makala ili wasiharibu picha. Likitokea hilo, afadhali ziara zisianze kabisa. Hatari ya upande wa pili ni kuwageuza watu hao kuwa maonyesho: wageni wanasimama, wanapiga picha ya jasho la mtu, wanaondoka. Dawa si ngumu. Hakuna picha bila ruhusa ya mwenyewe. Nyumba haiingiwi bila mwaliko. Chakula cha mchana kinanunuliwa soko la Kenya, kwa mama anayepika, kwa bei ya kila mtu. Fundi wa baiskeli wa kona ndiye anayetengeneza pancha, si gari la huduma linalofuata nyuma. Na sehemu ya fedha inabaki mkononi mwa mzee aliyeeleza, siku hiyohiyo, si mwisho wa mwezi kupitia shirika.

Waanze na nani? Wengi watasema watalii, kwa sababu ya dola. Watalii wa Lubumbashi si wengi kiasi hicho, na kwa hali ya nchi, vita vya mashariki vikiwa vinajaza habari za kila siku, hawataongezeka kesho. Waliopo ni wengine: wahandisi wa migodi wanaokaa miezi bila la kufanya Jumapili, familia zinazovuka kutoka Zambia, watoto wa Lubumbashi waliokulia Ulaya wanaokuja kumzika bibi na kutaka kuona alikoishi. Na zaidi ya wote, wanafunzi wa sekondari wa mji wenyewe. Darasa moja la Golf na darasa moja la Katuba, baiskeli zikigawanywa bila kuangalia nani ametoka wapi, wakivuka pamoja ule ukanda. Hao walipe kidogo, au wasilipe. Wahandisi walipe zaidi, wanaweza.

Kuna mahali baiskeli haitafika kwa asubuhi moja. Shilatembo, walipouawa Lumumba, Mpolo na Okito usiku wa tarehe 17 Januari 1961, ni mbali na mji, upande wa barabara ya Likasi. Lakini Villa Brouwez, nyumba walimofungiwa na kupigwa saa chache kabla ya kifo, iko Lubumbashi. Mwezi wa Juni 2022 jeneza lenye jino la Lumumba lilipitishwa katika jimbo hili kabla ya kuzikwa Kinshasa, na watu walijipanga barabarani. Baada ya siku hizo wengi waliuliza nyumba hiyo iko wapi. Mwongozaji mwenye baiskeli angekuwa na kazi mwaka mzima kwa swali hilo pekee.

Jambo la mwisho ni la ratiba, na waandaaji wengi watalikosea kwa sababu wageni hupenda kutoka mapema, kabla ya jua kupanda. Ziara ianze saa tatu asubuhi. Kabla ya hapo barabara ni ya wenye makala.